Mkebe Waliokuja Nao Wajukuu Wangu

Mkaza mwanangu alisimama mlangoni pangu, majirani wakisikia, akanipa amri. "Mama, kuanzia leo watoto hawali kashata zako. Sukari hiyo ni sumu. Na wasikaribie jiko, tafadhali." Mwanangu niliyemzaa mwenyewe alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumamosi iliyofuata wajukuu wangu wawili walivuka daraja kutoka Mnarani wakiwa na mkebe wa chakula chao. Chakula chao! Kwangu! Kama wanaokuja kumtazama mgonjwa hospitalini. Nilijua nikigomba tu, na Jumamosi zenyewe zitakatwa, nibaki na picha zao ukutani. Nikameza.

Nikaufungua mkebe: biskuti za dukani. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini mkubwa, msichana wa miaka tisa, anasoma kama maji.

"Hebu nisomee hiyo paketi."

"Unga wa ngano. Sukari..."

"Rudia hilo la pili."

"Sukari, bibi."

Nilicheka mpaka mtandio ukaniponyoka.

"Haya," nikawaambia, "hakuna sukari, hakuna moto. Leo tutamtii mama yenu mpaka ajute."

Mdogo, wa miaka mitano, akatoa kokwa za tende, tende moja kinuni, moja mdomoni. Dada yake akatwanga korosho. Mimi nikakaa juu ya mbuzi nikakuna nazi. Tukatia ufuta na iliki, tukapaka viganja mafuta ya nazi, tukaviringa vitonge.

"Bibi, ona changu kikubwa!"

"Hicho cha mama yako. Kimzibe mdomo."

Tukaujaza mkebe ule ule, nikawapa wampelekee mama yao, na salamu.

Jumamosi ya pili mama yao akaja nao mwenyewe, mkebe mtupu mkononi. "Shikamoo, mama." Tangu aolewe sikuwahi kuisikia ikitoka laini hivyo.

"Marahaba."

"Vile vitonge... wanasema hukutia sukari. Nifundishe."

"Alikula vyote, bibi!" mdogo akaropoka. "Hata baba hakupata!"

Nikamsogezea mbuzi. "Kaa."

Na suruali yake ya kubana, akakaa upande upande, akakuna mpaka nazi ikatoka na chembe nyeusi.

"Mama, umefika kwenye kifuu!" wanawe wakapiga kelele. Majirani wale wale nilikuwa nimeshawaalika chai, nikijua atakuja. Walicheka vizuri sana, na mimi sikuwakataza.

Nazi ile nikawamwagia kuku. "Anza upya, mwanangu." Alikuna nazi tatu.

Tangu siku hiyo wajukuu wangu huja mikono mitupu, na hula ninachowapa. Mwanangu husema, "Mama, hayo yamekwisha." Kwake yamekwisha. Ule mkebe sikuurudisha. Kuku wangu hunywea maji humo, na nimeuweka mlangoni, pale pale aliposimama siku ile. Kila akija, lazima auruke ndipo aingie.