Kofia ya Mzee Mbuvi

Pa! Ndivyo Mzee Mbuvi alivyopiga hodi kwenye studio ya picha ya Wavinya pale mjini Salama: aliigonga kofia yake nyeupe gotini, na Wavinya akamkaribisha pamoja na vumbi lake.

Sasa mzee amekufa. Wavinya, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuhariri picha, alikuwa kwenye kompyuta akimtoa katika picha aliyopigwa mbele ya ukuta wa kanisa ampandishe mawinguni, kwenye jalada la programu ya mazishi ya kesho. Alibofya ukuta mara moja tu. Ukuta ulikuwa mweupe kama kofia, kwa hiyo kompyuta ikafuta vyote viwili.

“Aki Wavinya!” mjane wa mzee, aliyeketi kando yake, akafoka. “Umemkata mzee wangu kama yai la kuchemsha! Kofia hiyo hata pasta alishindwa kumvua.”

“Pole, mama. Nitairudisha.”

Akatengua kosa lake, akaikuza picha, akaizungushia kofia mstari, nukta kwa nukta, hadi kwenye ukingo uliopinda. Kisha akafuta ukuta peke yake. Kofia ikabaki mawinguni, chafu vilevile.

Mjane akacheka huku akilia. Wavinya akainamia skrini.

“Karibu, mzee,” akanong'ona. “Ingia na vumbi lako.”