Springi za Mama Mkwe

Gari lenyewe lilikuwa zuri. Naanza na hilo kwa sababu shemeji zangu wakisimulia kisa hiki, wanaanzia pale mama mkwe alipokwama. Watu wanacheka, na gari langu linabaki bila wakili. Lilikuwa la buluu, la spoti, milango miwili. Lilitumika Japani, likaja kutumika tena Syokimau na kijana aliyenikabidhi ufunguo akisema, "Hii ni chuma, buda. Utanishukuru." Alikuwa amelishusha. Springi za kawaida alizitoa akatia fupi, na gari likakaribia lami kiasi kwamba paka wa jirani alijaribu kuingia chini yake kukwepa jua, akaghairi.

Mimi ni mtu wa kiwandani Athi River, baba wa watoto watatu, na hadi siku ile sikuwa nimewahi kununua kitu ambacho nyumbani hakikuhitajika. Gari hili halikuhitajika hata kidogo. Ndiyo sababu nililipenda.

Mke wangu alilizunguka polepole, akachungulia ndani, akauliza swali moja tu.

"Na mwaitu atakaa wapi?"

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Mama yake anaishi Wamunyu, na wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya mjini Machakos ilikuwa imekubali kumpasua, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Ningeweza kulipia teksi. Nilipolitaja wazo hilo, jibu lilirudi kutoka Wamunyu siku hiyo hiyo: mkwe wake ana gari, sasa yeye apande la kukodi, watu waseme nini? Ama angekwenda na gari la mkwe wake, ama angebaki na giza lake.

Kwa asiyetujua, itabidi nieleze nthoni. Ni ile heshima ya Wakamba kati ya mwanamume na mama wa mkewe. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Hamketi bega kwa bega, na mkikutana kwenye kijia chembamba, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Vijana wa leo wameilegeza, wengine wanawakumbatia mama wakwe zao mbele ya simu wapigwe picha, na hiyo ni shauri yao. Mama mkwe wangu hakulegeza chochote. Tangu nimwoe binti yake tumezungumza kupitia mtu wa tatu, hata tukiwa ua mmoja. "Mwambie chai iko tayari," anasema, nami nimesikia vizuri kabisa, lakini nangoja niambiwe.

Sasa chukua heshima hiyo uitie ndani ya gari lenye viti viwili mbele na kibenchi nyuma cha kuwekea koti. Nikiendesha mimi, mama hawezi kukaa kando yangu. Kibenchi cha nyuma hawezi kukifikia, maana ni mwanamke mwenye mwili wake, na magoti yamechoka. Basi mke wangu akaendesha, mama akakaa mbele, na mimi, mwenye gari, nikakunjwa nyuma. Mke wangu alisema naweza kubaki nyumbani. Lakini mtu aliyenunua gari la spoti hawezi kumwacha mtu mwingine alipitishe kwenye matuta ya Masii bila usimamizi.

Kumwingiza mama garini hakukuwa na shida. Kuingia kwenye gari lililoshushwa ni kuanguka tu. Shida ilitungoja mlangoni pa hospitali.

Mke wangu alifungua mlango, akamshika mama mkono, akavuta. Mama alipanda kidogo, akarudi. Akavuta tena. Mke wangu ni mwembamba. Ilikuwa ni kana kwamba anataka kung'oa mtungi uliozikwa. Askari wa getini akaja akashika mkono wa pili. "Mama, tutahesabu mpaka tatu," akasema kwa upole. Wakahesabu. Mama alipanda, akamtaja Mungu, akarudi.

Nami nilikuwa nyuma yake, sina pa kutokea. Kiti cha dereva kilikuwa hakikunjiki, komeo lake lilikufa kabla sijalinunua gari. Mlango pekee wa kwangu ulikuwa ule ambao mama mkwe aliuziba. Watu wa foleni ya kliniki wakaanza kusogea. Mmoja akauliza huyu mwanamume wa nyuma ni mgonjwa wa nini.

Nikafanya nilichofanya. Niliegemeza magoti yangu mawili nyuma ya kiti cha mama, nikafumba macho kwa heshima, na askari aliposema tatu, nikasukuma. Mama akatoka. Alitoka vizuri sana, mpaka askari akarudi nyuma hatua kadhaa akiwa amemkumbatia.

Jicho la kwanza likapasuliwa salama. Kesho yake tukamrudisha nyumbani, majirani wa Wamunyu wakamtoa garini kwa wingi wao. Tukiwa njiani kurudi kwetu Machakos, kwenye tuta moja, tulisikia mlio wa chuma kinachokatika. Ilikuwa springi ya nyuma. Gari lilifika limeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza umbea.

Mimi nilidhani hiyo ndiyo habari kubwa ya wiki. Kumbe Wamunyu kulikuwa na kesi. Je, nilimgusa mama mkwe, au sikumgusa? Mjomba wa mke wangu, ambaye husikiliza mambo kama hayo, alisema kiti ni kama ukuta, na mtu kuegemea ukuta ambao mkwewe ameuegemea upande wa pili si kosa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukuta hausukumi mtu."

Na mama akaongeza kwamba hatapanda tena kitu cha kumtoa kama jino. Jicho moja lingemtosha, alisema. Mengi alikwisha kuyaona.

Nilikasirika. Nilikasirikia gari, nikamkasirikia mama, nikawakasirikia waliobuni nthoni na waliobuni milango miwili. Mke wangu hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa kitandani akasema, "Daktari amesema hilo la pili likikawia litaharibika. Wewe nunua springi unazotaka. Lakini ujue unachonunua."

Nikampelekea gari fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwembe mmoja, mabati na jeki mbili kando ya barabara ya Kitui. Yeye hapimi kwa futi. Anachomeka vidole kati ya tairi na bodi. Alichomeka, akatikisa kichwa.

"Hapa ni kidole moja, bosi, na hiyo nayo inalia. Unataka aje? Nirudishe fupi ama niweke za kawaida?"

"Gari linapata sura kwa hizo fupi," nikasema.

"Sura ni sawa. Na mama ya bibi yako?"

Habari zilikuwa zimefika hata kwake. Akafikiri kidogo, kisha akanishauri tuweke ndefu upande wa mama na fupi upande wa dereva. Ningependa kusema nililikataa wazo hilo pale pale. Nililipima mchana mzima.

Aliyetuokoa ni mke wangu. Jumamosi alikwenda Wamunyu, akarudi na uzi wa katani wenye mafundo mawili. Fundo la juu lilikuwa kimo cha kiti alichochonga marehemu baba yake, ambapo mama huinuka bila kusema kitu. La chini lilikuwa kimo cha kigoda cha jikoni, ambapo mama huinuka akimtaja Mungu.

"Kiti cha gari kifike fundo la juu," akasema. "Nimemwambia utajaribu. Amesema atafikiria."

Fundi aliunyoosha uzi kutoka chini hadi kwenye kiti cha abiria. Gari langu halikufika hata kwenye fundo la Mungu. Akaweka jeki, akainua polepole, mimi nikiwa nimepiga magoti nimeshika fundo, mpaka kiti kikalingana. Kisha akachomeka mkono wake pale juu ya tairi.

"Vidole nne," akatangaza. "Springi ya kawaida itakupa tatu. Tuongeze raba juu yake. Mimi nimepimia watu gari miaka yote kwa vidole, leo ndiyo ya kwanza napima na mama mkwe."

Vidole vinne. Hiyo ni nafasi ya gari la kubebea kuku.

Nilikwenda dukani peke yangu. Mwenye duka la spea ni Msomali mpole, familia yake iko mjini kwetu tangu zamani, na spea zake anazijua kama mtu anavyojua mifugo yake. Nikamtajia gari. Akaingia nyuma, akarudi na seti mbili, akaziweka kaunta. Seti ya kwanza ilikuwa mpya, fupi, nyekundu, inang'aa. Ya pili ilikuwa ya kawaida, nyeusi, imetolewa kwenye gari lililokatwa, na ilikuwa na vumbi la Mombasa.

Nikainyanyua ile nyekundu. Ilikuwa nzito na nzuri. Niliona jinsi gari lingekaa, jinsi tairi zingeingia ndani ya bodi kama mkono ndani ya mfuko, jinsi vijana wa stendi wangenyamaza nikipita.

"Hiyo nyekundu ni ya kijana," mwenye duka akasema. "Hii nyeusi ni ya mtu iko na familia. Wewe ni nani?"

"Hiyo si kazi yako," nikamjibu, na sikujibu kwa adabu.

Hakuudhika. Alinimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye chupa yake, akangoja. Nilikunywa nikiishika ile springi kwa mkono wa pili. Mwishowe nikamweleza yote: magoti yangu, ukuta, uzi, jicho. Aliponisikia natamka mama mkwe, alisimama, akaichukua springi nyekundu mkononi mwangu bila kuniuliza, akairudisha nyuma ya duka.

"Wallahi, ndugu yangu," akasema kutoka huko ndani, "ungesema mapema."

Fundi alizifunga zile nyeusi, akaongeza raba. Gari likasimama. Sina neno jingine. Lilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake darasani. Paka wa jirani aliingia chini yake siku hiyo hiyo na akalala. Mimi niliingia ndani ya nyumba nikafunga pazia.

Siku ya jicho la pili tulikwenda Wamunyu alfajiri. Mama alitoka amevaa leso mpya, akaligusa gari kwa mkono, akakipapasa kiti. Akaketi. Akainuka. Akaketi tena, akainuka tena, na hakutaja mtu. Kisha akamwambia mke wangu, "Mwambie tunaweza kwenda."

Pale hospitali, askari alipoliona gari alikuja mbio huku akikunja mikono ya shati. Mama akatoka peke yake, akaitengeneza leso, akampita. Nikiwa kule nyuma nilisikia machozi yananijia, na siwezi kusema ni kwa ajili ya mama au ni kwa ajili ya vidole vinne.

Asubuhi iliyofuata bandeji ikatolewa, tukashika njia ya kurudi. Kutoka Machakos kwenda Wamunyu asubuhi, jua linakupiga usoni. Mama, na macho yake mapya mawili, aliinua mkono akashusha kile kibao cha kukinga jua. Kibao hicho kina kioo.

Tulitazamana.

Sikuwa na kichaka cha kuingilia. Nilikuwa nimekunjwa, magoti yamefika masikioni, na yule mama aliyeko kiooni alikuwa ananitazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake. Nilitazamia apandishe kibao haraka. Hakupandisha. Alinitazama kutoka tuta moja mpaka jingine. Nami niliona kwamba ana uso wa mke wangu, ila umekaa juani muda mrefu.

"Mwambie," akasema hatimaye, "kumbe naye ameota mvi."

Mke wangu aliniambia. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko alichokizuia.

"Mwambie hata mimi nimeona," nikajibu.

Mama akakipandisha kibao. Tulipopita Masii akatoa hukumu mwenyewe, bila kumngoja mjomba: ni yeye aliyeivunja nthoni, na mbuzi wa faini atamtoa yeye.

Hakutaka ubishi. Tulipofika alimfungua beberu mweusi mwenye hasira, akasaidiwa kumtia kwenye kibenchi changu cha nyuma. Akaongeza gunia la mbaazi, akaongeza la mahindi, akaongeza maboga. Mimi sasa niliketi kwenye usukani, mke wangu kando yangu, mbuzi akinipumulia shingoni. Kabla ya kuondoka nilishuka kidogo, nikajifanya natazama upepo wa tairi, nikachomeka vidole juu ya gurudumu la nyuma. Viliingia viwili tu. Gari lilikuwa limekaa vile vile nilivyoliota pale dukani.

Mama alisimama langoni, uso ameuelekeza ghalani, kama inavyotakiwa. Nikawasha, nikaondoa gari taratibu. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona amegeuka. Ameinua mkono juu ya macho, anatutazama, gari na mimi mwenye gari, na aliendelea kutazama mpaka tukafika kwenye kona.

Sikumwambia mke wangu. Angehitajika mbuzi wa pili, na huyo ningemtoa mimi.