Majani Yaliyomwangusha Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa kinyozi pale Kabiro, Kawangware. Watu walimngoja yeye hata viti vya wenzake vikiwa vitupu. Bangi alivuta tangu ujana, na Mama alishachoka kumkanya. Kisha mwaka jana kukaingia nyingine, majani makavu ndani ya pakiti inayong'aa. Aliyemletea alimwambia, "Hii ni kama ile tu, lakini iko na nguvu, na hainuki."

Jumamosi moja mchana nilikuwa kwangu Soweto East, Kibera, nakaanga samaki wa kuuza. Simu ikalia. Alikuwa mteja wa kaka, akipiga kwa simu ya kaka.

"Sista, kuja haraka. Alikuwa ananinyoa, akaganda tu hivi amesimama, macho wazi, mashine inanguruma. Nikadhani ananichezea. Halafu akaanguka, mwili wote ukatetemeka."

Nilimkuta kaka kwenye zahanati walikompeleka, shati limejaa matapishi. Yule mteja alikuwa ameketi kando yake, kichwa kimenyolewa nusu, amekataa kwenda zake. Moyo wa kaka ulipiga kiasi kwamba ungeuona chini ya ngozi.

"Amevuta nini?" daktari akauliza.

"Bangi tu," nikajibu.

"Bangi haimfanyi mtu hivi. Haya ni yale majani ya pakiti yanayouzwa siku hizi, yananyunyiziwa kemikali. Pakiti moja itamlewesha, inayofuata imuue, na hata anayeuza hajui."

Tukahamishiwa hospitali kubwa kwa sababu figo zilikuwa zinashindwa. Zilipata nafuu, ingawa si kama zamani. Nikamleta kwangu. Siku za kwanza alitoka jasho, akatapika, akalilia ile pakiti kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Hayo yakapita. Hofu ndiyo iliyobaki.

Mama akahamia kwangu tusaidiane. Siku moja alimwekea kaka ugali na sukuma wiki, naye akaisukuma sahani.

"Mmetia sumu."

"Mwanangu, ni mimi."

"Onja wewe kwanza."

Mama akamega tonge, akatafuna, akameza, akafungua mdomo ili aone. Ndipo kaka akala. Mimi nilitoka nje, nikasimama kando ya mtaro mpaka machozi yakakauka.

Daktari anasema huenda akili itatulia, huenda isitulie. Siku hizi Mama hangoji kuambiwa. Akishatenga chakula, anaketi mbele ya mwanawe, anamega tonge na kutafuna polepole, huku kaka akimtazama koo.