Sala ya Mbuzi

Nilipostaafu udresa, kazi ya kufunga vidonda hospitalini, Mwingereza bado anatawala, kila mtu alijua nitanunua ng'ombe. Mnyaturu apate kiinua mgongo asinunue ng'ombe, watu wanauliza kama amelogwa. Mimi nikanunua kamera kuukuu ya sanduku kwa Mhindi mwenye duka mjini Singida. Mke wangu aliigeuzageuza mikononi, akasema ng'ombe wangu huyu hatoi hata samadi.

Sikumlaumu. Lakini maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimeangalia vidonda: vya moto, vya majembe, vya miguu iliyooza. Nilitamani kumshukuru Mungu kwa kuangalia alichokiumba kikabaki kizima. Tena nilikuwa na haraka. Mtoto wa jicho alikuwa ameanza kunitanda, kwanza kushoto, kisha kulia, na wakati ule kwetu hakukuwa na mganga wa kumtoa. Nilitaka nilishike ziwa letu kwenye karatasi kabla giza halijaingia. Mke wangu sikumwambia.

Basi alfajiri nilikuwa nashuka ziwani Singidani na kamera yangu. Kanisani nilifundishwa kusali nimefumba macho. Pale nilisali nimeyafumbua. Mke wangu alipolisikia hilo alicheka sana, akaiita sala ya mbuzi, maana mbuzi naye hafumbi. Haya, acha iwe ya mbuzi. Maji yalikuwa hayajapata rangi, harufu ya magadi imetulia, na upepo wetu usiochoka ulikuwa bado umelala. Heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, walisimama ndani ya ukungu, nami sikujua ukungu upi ni wa ziwa na upi ni wa jicho langu. Siku nyingine nilirudi sijapiga picha hata moja, moyo umejaa tele, nikakuta uji umepoa.

Asubuhi moja jua lilichomoza na heroe wote wakaruka pamoja. Ziwa likawa jekundu jepesi juu na chini. Niliminya, machozi yakanitoka, na sikuona haya. Hiyo ilikuwa picha ya mwisho. Nikautoa mkanda wa picha, nikautia mfukoni mwa koti, nikageuka kuondoka, pu! Nikateleza, nikaingia majini hadi kiunoni.

Nyumbani nilivua koti, nikajinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua. Ulikuwa msimu wa mavuno, na mke wangu alikuwa mwambani nyuma ya nyumba akianika uwele. Kwetu kitu kikilowa kinakwenda mwambani: nafaka, ngozi, mlenda, hata Biblia yetu ilipovujiwa na mvua ilikwenda huko. Alipochukua koti akaukuta mkanda umelowa. Akaufungua wote, akaunyoosha juani kando ya uwele, akaukandamiza kwa mawe pande zote mbili upepo usiuchukue. Kisha akakaa kuufukuzia kuku.

Niliamka nikaukuta unang'aa. Mkanda ambao haujasafishwa ukiona jua, umekufa. Nilimfokea mke wangu kuliko siku zote za ndoa yetu. Akanijibu kwa upole kwamba ziwa liko palepale, nitapiga nyingine.

"Sitaona," nikamwambia. "Macho yangu yanafunga, mama."

Akaketi chini katikati ya uwele wake. Akasema kumbe hata dresa anaficha ugonjwa, kama wale wagonjwa aliokuwa akiwagombeza.

Mkanda mwingine ulichelewa sana kufika dukani. Ulipofika, mvua zilikuwa zimekuja na kupita, na mimi naona mwanga na vivuli tu. Mke wangu akanishika mkono, tukashuka ziwani pamoja. Akanikalisha juu ya mwamba, nami nikamwelekeza: ibane tumboni, jua liwe mgongoni kwako, chungulia kile kioo cha juu, usitikisike, minya. Alinisimulia heroe walipo, nikageuza uso huko. Walikuwa wanalia taratibu, na maji yananong'ona na mawe. Nilisikia kamera ikilia ta, kisha ta tena, mpaka mkanda ukaisha. Nikajiambia, Mungu wangu, nimelipata ziwa.

Picha ziliporudi nilimwuliza heroe wametokea vipi. Alizipitia moja moja. Kisha akasema hakuna heroe hata mmoja, kwenye picha zote ni mimi tu. Lo, nilikasirika! Mkanda mzima, uliosubiriwa hivyo, umeishia kwenye uso wa mzee!

"Ziwa nitalishukia hata kesho," akasema. "Wewe nitakupata wapi?"

Hasira ikaniishia hapohapo. Nikamwomba anisimulie basi, humo kwenye picha ninafanya nini. Nikasikia anaisogeza mlangoni penye mwanga.

"Unasali," akasema. "Ile sala yako ya mbuzi. Macho wazi."