Kopo Lililorudi Rafuni

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimeegemea kaunta ya duka moja hapa Thika, nikingoja kupimiwa misumari, alipoingia mtu wa Ruiru na plamu moja mkononi. Aliipasua mbele ya mwenye duka, mzee wa kilemba, akamwonyesha funza aliyejikunja kando ya kokwa.

"Mti mzima uko hivi," alisema. "Nipe dawa ya kunyunyiza."

Mzee alishusha kopo, lakini mkono wake ukabaki juu ya kifuniko. "Ukinyunyiza leo, wiki mbili hakuna mtu kula. Hii ni sumu."



"Mama yangu hana meno," alisema yule bwana. "Tunda analoweza ni hili tu. Kila asubuhi anaokota chini ya mti, anapasua kwa vidole, anamtoa funza, anakula. Nikimkataza ataitikia vizuri, halafu nikienda kazini ataokota."

"Na hao funza haoni kinyaa?"

"Anasema hajawahi kumkuta funza kwenye tunda chungu."

Mzee alilirudisha kopo rafuni. Alimwambia arudi plamu zikiisha mtini, na kwa sasa azike zile zilizooza. Kisha akaokota nusu moja pale kaunta, akamtoa funza kwa ukucha, akala.

Bwana shamba akisoma haya ataninunia, lakini nusu ya pili niliila mimi. Yule mama hakusema uongo.