Mbuzi wa Kumaliza Maneno

Edah Nabwile hakuwa mtu wa kununa. Pale mtaa wa Tuwan, mjini Kitale, wateja wa githeri yake, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, walimjua kwa kicheko, na kanisani walimjua kwa vikombe. Miaka yote ni yeye aliyeosha vile vikombe vidogo vya meza ya Bwana. Lakini siku hii, nyumbani kwa wakwe zake Bungoma, alikuwa amewekewa sahani ya maini ya mbuzi, naye aliitazama kwa kinyaa.

Mwanawe Mukhisa alilala kaburini nyuma ya nyumba hiyo hiyo. Levi, mtoto wa mzee wa kanisa, alimpiga mpini wa jembe kichwani, akamuua, huko kijiji cha Kwanza, wakigombania nani atangulie kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Mahindi, jamani! Edah alikuwa hapo hapo akishona gunia, akaona yote. Levi akavukia mpaka wa Suam, akatulia Uganda.

Sasa baba yake ameleta ng'ombe wa fidia, na mbuzi wa kuliwa pamoja. Mama wa marehemu akishaonja, maneno yameisha. Hakuna polisi, hakuna korti, Levi anarudi nyumbani kulala kwa kitanda chake.

Shemeji yake Edah, ndugu wa mumewe, alikuwa ameshaonja. Huyo naye! Mafuta kidevuni, macho yote kwa ng'ombe. Pasta Kipkosgei pia alikuwa ameonja, tena si kidogo. Akajipangusa mdomo, akasimama na Biblia kwapani, sauti tamu ya kubembeleza mtoto anywe dawa.

"Mama Mukhisa, Mungu mwenyewe alipokea fidia. Damu ya Mwanawe ililipa, akafunga kesi yetu. Si na wewe upokee tu, ufunge?"

"Amina," wazee wakaitikia.

Edah akawatazama mmoja mmoja. Kumbe hivyo ndivyo wanavyouona msalaba! Ati Mungu ameketi kama huyu shemeji, anatazama mifugo juu ya maiti ya mtoto!

"Pasta, Yesu alitoa nini?"

"Uhai wake, mama."

"Wake. Hakutoa ng'ombe ya baba yake. Na hakutoroka. Alikuja mwenyewe mpaka pale tulipokuwa tumefungwa, akapigwa yeye, sisi tukafunguliwa. Haya, huyu wenu ako wapi? Si angekuja aniangalie kwa macho, aseme, 'Mama, ni mimi'? Nilikuwa nangoja hiyo tu. Nyinyi mmeniletea mbuzi."

"Usituaibishe, shemeji," ndugu wa mumewe akanong'ona. "Onja kidogo tu, bana."

"Nikionja hii, nimekula Mukhisa."

Akaisukuma sahani. Mzee wa kanisa akainamisha kichwa, lakini hakusema mtoto wake ataletwa. Pasta ndiye aliyekasirika.

"Mama, mwenye uchungu namna hii hawezi kushika vikombe vya Bwana Jumapili."

Edah alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka, akamtazama kuanzia viatu mpaka mdomo.

"Vioshe wewe, Pasta. Lakini anza na mikono, imejaa mafuta."

Akapanda gari la Kitale, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Pale akaeleza alichokiona siku ile kwenye mashine, tangu mwanzo mpaka mwisho, tumbo likiwa tupu.