Kiti cha Ogada

Mwaka 1964 Javan, fundi seremala hodari wa Homa Bay, aliacha kutengeneza vitanda. Kutwa aliinamia ndege ya mti yenye urefu wa mkono, ndege ya vita vya Mjerumani, na watu walimcheka mpaka wakachoka. Mkewe Phelesia hakucheka. Alijua ile ndege ni ya kuzikwa.

Ogada, kaka yake Javan, alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi mwaka 1917. Mpagazi mwenzake alirudi na habari kwamba Ogada alipanda ndege na Mzungu, wasionekane tena. Kwa Wajaluo, asiyerudi huzikiwa tunda refu la mti uitwao yago mahali pa mwili wake. Lakini baba yao, mwalimu wa kanisa, alikataa katakata. Ogada akabaki bila kaburi miaka arobaini na saba, na jambo hilo lilimtafuna Javan. Basi atamzikia ndege, kanisa liseme litakalo.

Mabawa hayakumsumbua. Kilichomtoa jasho ni mahali pa rubani. Padri alimwonyesha picha kitabuni: viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Akavisuka kwa mafunjo, akakata saa za kupimia mwendo na kimo kwa bati, mkanda kwa ngozi ya mbuzi. Usukani haukuonekana pichani. Akasikia kwamba Mwikwabe, mzee wa Kikuria huko mpakani, aliosha ndege katika kambi ile ile ya Ogada. Akamfuata.

Mwikwabe aliishika ndege kwa upole, akaeleza fimbo ya kuongozea ilivyosimama katikati ya magoti. Kisha kidole chake kikakwama.

"Hii kiti ya nyuma ni ya nani?"

"Ya ndugu yangu, Ogada."

"Kambi yetu ilikuwa na ndege moja, mzee, na hiyo ndege ilikuwa na kiti moja. Mzungu alikuwa anapanda peke yake."

Javan aliuliza, basi Ogada alifia wapi.

"Sisi tulikuwa tunakufa na kuhara. Wanafukia watu kumi, ishirini, kwa shimo moja. Hakuna mtu aliandika majina."

Nyumbani, kaburi dogo lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Javan alichukua patasi, akaking'oa kiti cha nyuma, kwa kuwa alikuwa fundi na hakuweza kuacha uongo ndani ya mti. Phelesia akauliza sasa watazika nini, ikiwa ndege imebaki ya Mzungu peke yake. Javan alikuwa amekishika kile kiti kiganjani, hajui akiweke wapi.